Wifi, Mafuta na Sufuria la Shaba

Mtaani kwetu kuna mwanamke ambaye kila mtu anamwita Wifi. Kwa haki, wifi ni wangu mimi peke yangu, maana ni dada wa mwanamume aliyenioa. Lakini kinu kikinguruma huwezi kumwita mtu kwa upole, na mimi nimemwita kwa kupayuka miaka mingi kutoka upande wa pili wa banda, mpaka jina likaruka ukuta likaenda zake. Siku hizi muuza mkaa anamwita Wifi. Askari wa zamu anamwita Wifi. Kuna mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, aliyefiwa na mkewe, alikuja akaliita jina hilo kwa sauti laini kupita kiasi. Akajibiwa, "Sema shida yako, shemeji, halafu usinizibie mwanga." Mzee wa watu akaishia kununua gunia zima la mashudu ya alizeti, na kuku hana.

Nataka kueleza habari zake kwa sababu wanaonunua mafuta yake wanadhani yalijitengeneza yenyewe.

Huyo mwanamume aliyenioa nitamwita kaka yake. Jina jingine alilokuwa nalo kwangu alilitupa mwenyewe, na mimi si mtu wa kumwokotea.

Wifi ni mrefu, mwembamba kama ufito, na mikono yake mikubwa ungedhani aliazima kwa mtu mwingine. Anacheka kabla hajamaliza kichekesho, kwa hiyo vichekesho vyake vingi hatujui vinaishaje. Aliolewa mara moja, mbali, akarudi asubuhi moja juu ya lori la mizigo akiwa amekalia godoro. Watu wakakusanyika kusubiri maelezo. Alisema tu, "Godoro ni langu," akaliingiza ndani, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwenye banda la baba yake kupepeta alizeti.

Banda hilo ni la mabati, limebanana na gereji ya pikipiki. Ukuta wa upande mmoja ni mweusi kwa mafuta ya miaka, ukiuegemea unaondoka na alama mgongoni kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Katikati kipo kinu cha chuma, chenye parafujo nene kama paja la mtu mzima. Unamimina mbegu juu, parafujo inazunguka na kuzisukuma, mafuta yanachuruzika pembeni, na mashudu yanatoka mbele yamekauka. Kabla hakijafungwa mota kilizungushwa kwa mkono. Huo mkono ulikuwa wangu.

Baba yao alipofariki aliwaachia kinu watoto wake wawili. Kaka yake akashika mauzo na maongezi, sisi wanawake tukashika kinu. Maongezi yakamfikisha mbali, maana yalimfikisha kwa mwanamke mwenye duka la manukato, akahamia huko. Ukoo ukakaa kikao. Nikauliza, na mimi niliyezunguka na hiki chuma tangu nikiwa bibi harusi, nina fungu gani? Wazee wakatazama viatu vyao. Kaka yake akasema, "Huyu alikuwa anasaidia tu." Kikao kikaitikia. Nikaachiwa sufuria la shaba la mama yao, lile kubwa lenye mfuniko, kwa kuwa lilikuwa zito na yeye hakutaka kulibeba.

Nilitoka nikiwa nimeshika njia ya kwetu. Wifi akanifuata mbiombio.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu kuna nini? Kesho uje mapema, chujio limeziba."

Hiyo ndiyo pole niliyopewa. Nyingine zilikuwa ndefu zaidi, zote nimezisahau.

Tukakaa hivyo, mimi na yeye, tukikamua mafuta ya kula. Sufuria nililiweka chini kuegemezea mlango wa banda, na kila nikipita nikalipiga teke dogo, bila ubaya. Halafu madukani yakaingia mafuta ya chupa, ya rangi ya maji, yenye picha ya mtoto anacheka. Wateja wakapungua. Kina mama waliokuwa wakipanga foleni na madumu wakawa wanatusalimia wakiwa wamekaza mwendo.

Ndipo kaka yake alipokuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi akakigonga kinu kwa ufunguo wake, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Dada," kaka yake akasema, "tusidanganyane. Kitu hiki kimekufa. Tukiuze kwa uzito, kila mtu achukue chake."

"Chako ni nusu, kaka. Unataka kuuza nusu ipi, ya juu au ya chini?"

Baba yao mdogo alikuwepo, amekaa juu ya gunia. Ni mzee anayependa haki ilimradi isimchoshe. Akaamua hapo hapo: kama mpaka mavuno haya yatakapoisha kinu hakijapata kazi ya kukifanya kizunguke, kiuzwe. Kikipata, kibaki, na pasiwe na kelele. Kaka yake akakubali, na alipokuwa anatoka akamwambia yule wa vyuma, sisi tukisikia, "Lete gari kubwa."

Sitaficha, mimi nilikata tamaa. Wifi alianza kumwuliza kila aliyepita kama anajua kazi ya kinu. Aliuliza mpaka wauza barafu.

Aliyejibu alikuwa dada mmoja mtafiti kutoka kituo cha mbegu, mwenye miwani mikubwa na baiskeli isiyo na breki. Tulimwita Bibi Mbegu. Alikuwa amewagawia wakulima wa pembezoni alizeti ya aina mpya, akawa anatafuta mahali pa kuikamua peke yake, isichanganyike na ya zamani. Akatueleza, akiwa amekaa juu ya ndoo. Mafuta ya alizeti yetu ya kila siku, ukiyapaka kwenye chuma kinachopata moto, hukauka na kunata kama vanishi. Hii mpya wameichagua kizazi hadi kizazi, wakichukua mche ambao mafuta yake yanavumilia joto na kuacha ule usiovumilia, mpaka wakapata ya kulainishia mashine.

"Kwa hiyo mmezalisha alizeti yenye subira," Wifi akasema.

"Ndiyo hivyo hasa, mama."

"Na wanaume, hamjaanza kuwafanyia?" Akacheka mpaka akashika ukuta, akaondoka na chapa.

Kazi ya kukifanya kinu kizunguke ikawa imejitokeza, ila mnunuzi hatukuwa naye. Wifi akafunga safari mpaka kwenye kiwanda cha mbao kilicho kando ya kijito. Pale pana mnyororo mrefu unaoburuta magogo kutoka majini na kuyapandisha mpaka kwenye msumeno. Walikuwa wakiupaka oili nyeusi, ikadondoka kijitoni, na watu wa idara ya maji walikwisha kumtisha mwenye kiwanda kwa mahakama. Mwenye kiwanda tunamwita Mzee Vumbi. Nyusi zake huwezi kujua kama zina mvi au unga wa mbao.

"Mafuta ya kukaangia kwenye mnyororo wangu?" alisema. "Si nitaletewa panya wa mji mzima!"

"Panya watakusaidia kusukuma magogo, shemeji. Jaribu."

Akakubali kujaribu, kwa kuwa mahakama aliiogopa kuliko panya.

Basi tukaanza. Mafuta ya mashine yanataka usafi kuliko ya jikoni. Yakishatoka kinuni bado yana ute ndani, huuoni kwa macho, na huo ndio unaoyafanya yanate. Bibi Mbegu akatufundisha kuyaosha kwa maji. Jirani wa gereji aliposikia tunaosha mafuta alikuja kuchungulia kama tumerukwa na akili. Unamimina maji ya uvuguvugu, unakoroga polepole kama mtu anayebembeleza mtoto, unayaacha yatulie. Maji yanazama na kuondoka na ute, unayafungulia kwa bomba la chini ya pipa. Kisha unayapasha moto mdogo mpaka yaache kutatarika, hapo unajua maji yamekwisha, unachuja kwa kitambaa kizito. Wifi aliyachuja kwa shuka aliyorudi nayo kutoka kwa mumewe. Alisema hatimaye imepata kazi ya maana.

Yakatoka mafuta mazuri. Bibi Mbegu akatuambia tuyatunze kwenye chombo safi, kikavu, kisicho na kutu, tukifunike vizuri. Akapanda baiskeli yake akaenda zake, miguu ikiburuta chini badala ya breki.

Tukaangalia vyombo vyetu. Pipa lilikuwa na kutu. Madumu yalinuka mafuta ya taa. Wifi akazungusha macho banda zima, yakatua mlangoni.

"Shaba haishiki kutu," akasema.

"Wifi, hilo la mama yako?"

"Mafuta haya yana heshima yake. Yakae kwenye chombo cha wageni."

Akalisugua kwa majivu na limau mpaka ungeweza kujipaka wanja ukijitazama ubavuni mwake. Tukamimina mafuta, tukafunika, tukaliweka juani karibu na dirisha, mahali ambapo kila anayeingia angeliona na kutusifu. Kiasi kidogo kilichobaki Wifi alikitia kwenye chupa, akaichomeka juu ya boriti gizani. Kwa kuwa kule kiwandani mafundi walikuwa wangali wanausafisha mnyororo, mafuta yetu yakakaa yakisubiri. Tulipoyafunua tulikuta yamepata rangi ya kijanikijani. Wifi akafurahi, akasema huo ndio uzuri wa mbegu mpya.

Siku ya kwanza mnyororo ulikwenda kimya, wafanyakazi wakapiga makofi. Baada ya hapo yakaja majuma ya jua kali. Mafuta yakaanza kuvuta, unga wa mbao ukayashika, ukawa uji, uji ukawa gundi. Mchana mmoja mnyororo ukasimama kabisa na gogo likining'inia katikati ya njia, mbele haliendi, nyuma halirudi.

Tulikwenda kuona. Msukuma magogo mmoja, kijeba mwenye sauti ya baragumu, akatupokea kwa furaha mbaya.

"Wifi! Umetuletea ulimbo! Tumeacha mbao, sasa tunatega ndege!"

"Mmekamata wangapi?" Wifi akauliza, lakini hakucheka. Nikaogopa, maana sijawahi kumwona akiacha kichekesho kipite hivyo.

Habari zilimfikia kaka yake kabla hatujafika nyumbani. Kesho yake yule wa vyuma akaja na kamba, akapima upana wa mlango. "Mavuno hayajaisha," akasema baba mdogo, ila alisema kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine.

Wifi alikaa juu ya ndoo mchana kutwa. Sufuria lilikuwa limerudishwa kutoka kiwandani, liko mezani, kwa hiyo mlango haukuwa na kitu cha kuuegemeza. Upepo ukawa unaubamiza, na bawaba ikilia kama mtoto aliyenyimwa. Akavumilia, akavumilia, mwisho akainuka kwa hasira, akaichomoa ile chupa kwenye boriti, akaitia bawaba mafuta. Bawaba ikanyamaza.

Akabaki amesimama na chupa mkononi.

"Wifi," akaniita, "haya ni mafuta gani?"

"Yale yale. Mabaki."

"Mbona yanakimbia?"

Akaiinamisha chupa: mafuta yalikwenda na kurudi mepesi, ya dhahabu. Akaenda kwenye sufuria, na mfuniko ukamgomea kidogo kabla haujaachia. Ndani mlikuwa na kitu kizito cha kijani. Alitia tone la chupa na tone la sufuria kwenye kipande cha bati, akakipandisha juu ya paa juani, na kila mara akawa anapanda ngazi kugusa kwa kidole. Watu wa gereji wakaacha kazi kumtazama. Jua lilipoinama, tone la sufuria lilikuwa limeshika kidole chake na halikutaka kukiachia. La chupa lilikuwa bado linateleza.

"Mbegu haina kosa!" alipiga kelele kutoka juu. "Ni sufuria! Ni sufuria la mama!"

Mimi huku chini nikalitazama sufuria lile, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukaruka kwa raha.

Bibi Mbegu alipokuja na kulikuta mezani, alijipiga paji la uso. "Shaba! Mama zangu, shaba ndiyo inayoyaharakisha mafuta kuharibika, tena mkayaweka na juani! Mimi niliwaonya juu ya kutu tu. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu ana sufuria la shaba la kutosha kuogeshea ndama."

"Ni urithi," nikamwambia.

Tukacheka wote watatu, na yeye ndiye aliyecheka mwisho. Akakagua banda zima akitafuta shaba nyingine, akalikuta bomba la pipa la kuoshea, tukalibadilisha kwa la plastiki. Kisha akatuazima kutoka kituoni mapipa ya chuma cha pua yenye mifuniko ya kukaza. Magunia machache ya ile alizeti yalikuwa bado yapo. Tukakamua upya, tukaosha, tukachuja, tukahifadhi gizani.

Shida ikawa Mzee Vumbi. Alishaapa hataki kutuona. Wifi hakwenda kumwomba. Alikwenda na ndoo, brashi na magadi, nami nikimfuata na maji ya moto, tukaanza kuufua mnyororo ule pingili kwa pingili, mikono yetu ikibabuka. Yule kijeba mwenye baragumu alitutazama kwanza, kisha akaleta brashi yake. Akaja mwingine. Mwisho akaja Mzee Vumbi mwenyewe kuuliza kwa nini watu wake wote wamegeuka madobi.

"Tunafua, shemeji," Wifi akasema bila kuinua kichwa. "Nimeuchafua mimi. Ukishatakata nitaupaka tena."

"Ukinata tena utaufua kwa ulimi!"

"Sawa. Mafuta ya alizeti hayo, nitashiba."

Nyusi zikatikisika, vumbi likadondoka. Alikuwa anacheka.

Safari hii jua lilikuwa kali kuliko mara ya kwanza, na mnyororo ukaenda. Gogo likapanda, na jingine, na jingine, zikabaki kelele za msumeno tu. Tulikuwa tunakwenda kuugusa kila tukipata nafasi, na mafuta yaliteleza vidoleni. Chini yake kijito kilipita bila ule utandu wa rangi rangi. Mzee Vumbi alichuchumaa akayatazama maji muda mrefu, kisha akamwambia Wifi alete pipa jingine, na asipotee, kwani anataka kupaka na mnyororo wa upande wa pili.

Mavuno yalipoisha kaka yake akaja na gari kubwa, mnunuzi wa vyuma na vijana wenye spana. Waliposhuka hawakusikilizana kwa ngurumo. Kinu kilikuwa kinazunguka, alizeti inapanda, mafuta yanashuka. Baba mdogo alikuwa amewahi, yuko juu ya gunia lake.

"Mavuno yamekwisha!" kaka yake akapaza sauti.

"Kazi haijaisha!" Wifi akamjibu kwa sauti kubwa kuliko yake. "Kiwanda cha mbao kinangoja!"

Kaka yake akamgeukia baba mdogo. Mzee akanyoosha kidole kwenye kinu. "Ulisema kimekufa. Mimi nakisikia kinakoroma. Huwezi kumzika anayekoroma." Akafumba macho, haki ikawa imeanza kumchosha.

Kaka yake hawezi kuondoka mahali mikono mitupu. Akazungusha macho, akaliona sufuria kwenye kona. "Basi nachukua sufuria la mama. Shaba ni shaba."

"Lilikuwa langu," nikasema.

"Ulikuwa unalitunza tu."

Nikamtazama Wifi, naye akanitazama. Midomo yake ilikuwa imebana kwa nguvu. "Chukua, kaka," akasema. "Chukua kabisa."

Akataka kulifungua aone hali yake ndani. Mfuniko haukujongea. Mabaki ya mafuta yalikuwa yamekauka ukingoni pote. Akavuta. Yule wa vyuma akalibana sufuria kwa miguu na kuvuta pia. Wakazunguka nalo banda zima kama watu wanaocheza dansi, wakaangukia ukuta, wakainuka wote wawili na chapa mgongoni. Watu wa gereji walikuwa wamejazana dirishani. Mwisho wakalibeba lilivyo, na yule wa vyuma akawa analalamika kwamba yeye hanunui gundi.

Mlangoni kaka yake akageuka, akaniona ninamimina mbegu kinuni.

"Na huyu bado yupo? Anafanya nini hapa?"

"Huyu nimemgawia fungu langu, mimi na yeye nusu kwa nusu," Wifi akasema. "Baba mdogo amesikia. Mimi hapa namsaidia tu."

Baba mdogo, macho yakiwa yamefumbwa, akaitikia kwa kichwa.

Wifi alitaka kuongeza jambo, nadhani lilikuwa zuri sana, lakini alianza kucheka kabla hajalitamka, na mpaka leo hatujui lilikuwa linaishaje. Gari likaondoka. Yule kijeba wa kiwandani alituletea kipande cha gogo kizito, na ndicho tunachoegemezea mlango sasa. Nacho nikipita nakipiga teke dogo. Ni mazoea.